Maswali na Majibu: Klabu za raga zilivyoishi bila mashabiki wakati wa korona

Wasomaji kadhaa wameuliza klabu za raga ya kulipwa zilipata wapi pesa za kula wakati wa korona, na kwa nini nyingine zilianguka baada ya hatari kupita. Nimeegemea zaidi Uingereza, kwa sababu huko ndiko ligi ya kulipwa iliumia hadharani kuliko kwingine.

Klabu zile zina wadhamini na pesa za televisheni. Kufungwa kwa viwanja kwa miezi michache kuliziumizaje kiasi kile? (Msomaji, Nakuru)

Televisheni inailisha soka ya Ulaya, lakini klabu ya raga inaishi kwa siku ya mechi: tiketi, bia, chakula, maegesho ya magari, na vyumba vya kifahari ambamo makampuni huwakaribisha wateja wao. Mechi za nyumbani kwa mwaka hazifiki ishirini, kwa hiyo kila inayochezwa bila watu ni pigo linaloonekana moja kwa moja kwenye vitabu. Ligi kuu ya Uingereza, Premiership, ilisimama katikati ya Machi 2020 na kurejea 14 Agosti kwa mechi ya Harlequins na Sale, viti vikiwa vitupu. Wakati wa baridi vikundi vidogo vya mashabiki viliruhusiwa kwa muda na kuondolewa tena. Milango ilikuja kufunguliwa kikamilifu Julai 2021. Katika kipindi hicho chote klabu ziligharamia pia upimaji wa wachezaji na wafanyakazi.

Halafu kuna pesa za siku zisizo na mechi, ambazo watu wengi hawazihesabu. Exeter Chiefs walihamia uwanja wao wa Sandy Park mwaka 2006 na wakaujenga uwe ukumbi wa mikutano, harusi na karamu za Krismasi. Hesabu hiyo ndiyo iliyowapa sifa ya klabu inayojua kujilisha. Korona ilifunga kumbi zile zile. Oktoba 2020 Exeter walitwaa ubingwa wa Ulaya kwa kuwafunga Racing 92 alama 31 kwa 27, na wiki moja baadaye wakatwaa ligi kwa kuwafunga Wasps 19 kwa 13 pale Twickenham. Mwaka mkubwa kuliko yote katika historia yao waliucheza bila kuuza tiketi hata moja ya fainali.

Hapo hapo chama cha raga, RFU, ambacho huzigawia klabu sehemu ya mapato yake, nacho kilikuwa kimekauka. Twickenham huingiza watu 82,000 na mechi za timu ya taifa ndizo zinazokilisha chama. Julai 2020 kilitangaza mpango wa kupunguza nafasi za kazi zaidi ya 100.

Lakini jambo zito zaidi lilikuwepo tangu kabla ya ugonjwa: karibu klabu zote za ligi ile zilikuwa zikipata hasara kila mwaka, na tajiri mwenye klabu anaifidia kutoka mfukoni. Klabu ya namna hiyo haina akiba. Ina mtu mmoja tu, na mtu huyo naye ana biashara nyingine ambazo korona ilizigonga.

Je, wachezaji walikubali kupunguziwa mishahara, au walilazimishwa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Yote mawili. Klabu nyingi zilikata asilimia 25 mnamo Machi 2020. Serikali ilikuwa na mpango wa kulipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa kazi kwa muda, ila isizidi pauni 2,500 kwa mwezi. Kwa mtunza vifaa au karani wa tiketi hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Kwa mchezaji wa mkataba mkubwa ilikuwa sehemu ndogo sana ya anacholipwa, na klabu ilibaki na mzigo.

Kisha Juni klabu zikakubaliana kushusha kikomo cha mishahara cha kila klabu kutoka pauni milioni 6.4 hadi milioni 5 kuanzia msimu wa 2021/22, na kila klabu ikaruhusiwa nyota mmoja tu ambaye mshahara wake hauhesabiwi kwenye kikomo, badala ya wawili. Hapo ugomvi ukaanza, maana makato ya muda yaligeuka kuwa ya kudumu kwa wengi. Leicester Tigers ndio waliotikisika zaidi: wachezaji watano waligoma kutia saini masharti mapya na wakaondoka, akiwemo Manu Tuilagi, aliyekwenda Sale.

Siwalaumu wachezaji wale. Mchezaji wa raga hucheza miaka michache, mwili wake unavunjika mapema, na mkataba ndio pensheni yake. Lakini klabu zilizokata mapema, zikamweleza kila mtu hesabu ilivyo, zilipita salama kuliko zilizosubiri mpaka siku ya mshahara. Nina kinyongo na jambo moja tu, kwamba mishahara ile ilikuwa imepandishwa na wenye klabu wenyewe kwa kushindana, wakijua mapato hayaifikii.

Nilisikia serikali ya Uingereza iliipa raga mamilioni. Ilikuwa zawadi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa klabu za Premiership ulikuwa mkopo. Novemba 2020 serikali ilitangaza mfuko wa pauni milioni 300 wa kuokoa michezo, na raga ya wachezaji 15 ikatengewa milioni 135, fungu kubwa kuliko mchezo wowote. Ndani yake klabu za Premiership zilipangiwa milioni 59. Kadiri viwanja vilivyoendelea kufungwa ndivyo mikopo ilivyoongezeka, na mwisho wake deni la klabu za ligi ile kwa serikali lilipita milioni 120.

Masharti yalikuwa laini: riba ndogo, miaka mingi ya kulipa, na kipindi cha mwanzo cha kutolipa chochote. Benki isingekubali. Bila pesa hizo naamini ligi ingepoteza klabu mwaka 2021. Ila tazama zilichofanya. Zilifidia mapato ya mechi ambazo tayari zilikuwa zimepotea, zikalipa mishahara na taa. Hakuna jukwaa lililojengwa, hakuna ukumbi mpya wa kuleta mapato ya kulipia deni lenyewe. Klabu iliyokuwa na hasara kabla ya korona ilitoka korona ikiwa na hasara ile ile pamoja na deni jipya juu yake. Wengine walikuwa wameahirisha kodi pia, na subira ya mamlaka ya kodi ina mwisho wake.

Basi Wasps na Worcester ziliuawa na korona au na wenyewe? (Msomaji, Nairobi)

Swali hili ndilo lililonifanya niandike safu hii, kwa hiyo nivumilie.

Wasps ilianzishwa 1867. Ilikuwa bingwa wa Uingereza mara sita na wa Ulaya mara mbili, 2004 na 2007. Haikuwa na uwanja wake, na mwaka 2014 ikahama eneo la London kwenda Coventry, mji usio wa mashabiki wake wa jadi, ili imiliki uwanja mkubwa wenye ukumbi wa maonyesho na matamasha. Wazo lenyewe lilikuwa na akili. Lakini mwaka 2015 walilipia mpango huo kwa hatifungani (mkopo unaouzwa kwa umma kwa vipande) ya pauni milioni 35, riba asilimia 6.5, ya kurudishwa Mei 2022. Wananchi wa kawaida, wakiwemo mashabiki, waliinunua. Korona ikaja, kumbi zikafungwa karibu mwaka mzima na nusu, na siku ya kulipa ikafika klabu ikiwa haijapata mkopeshaji mwingine wa kuipokea. Tarehe 17 Oktoba 2022 iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Watu 167 wakapoteza kazi siku hiyo, wachezaji na makocha wakiwemo.

Worcester Warriors, klabu ya tangu 1871, iliumia kwa namna nyingine. Ilikuwa na uwanja wake, Sixways, na ardhi kuuzunguka. Ilichokosa ni wenye klabu wa kuaminika na pesa ya mwezi hadi mwezi. Agosti 2022 mishahara ilichelewa, kodi ilikuwa haijalipwa, na serikali yenyewe, ikiwa mkopeshaji, ndiyo iliyosukuma klabu iwekwe chini ya wasimamizi. Tarehe 24 Septemba walicheza mechi ya mwisho Sixways, wafanyakazi wengi wakiwa hawajui kama watalipwa, na wakawafunga Newcastle 39 kwa 5. Siku 11 baadaye mahakama iliivunja kampuni iliyoshika mikataba ya wachezaji. Mchezaji aliamka akiwa na kazi, jioni hana. London Irish ikafuata Juni 2023, na ligi ikabaki na klabu kumi. Jersey Reds, mabingwa wa daraja la pili mwaka huo, walifunga milango miezi michache baada ya kushika kombe.

Jibu langu: korona iliwanyima muda. Wasps wangeweza kupata mkopeshaji mpya kama kumbi zingefanya kazi miaka ile miwili. Worcester sidhani kama wangepona kwa vyovyote. Huwezi kusema ugonjwa uliwaua wote wawili kwa sababu tu makaburi yao yako mwaka mmoja.

CVC walinunua sehemu ya ligi. Kwa nini pesa hizo hazikusaidia? (Msomaji, Kampala)

Mfuko huo wa uwekezaji ulinunua asilimia 27 ya biashara ya Premiership mwishoni mwa 2018 kwa takriban pauni milioni 200. Klabu zilipata kitita mara moja, kisha kila mwaka zikagawana mapato yaliyopungua kwa zaidi ya robo. Kitita hicho kiliishia kwenye madeni ya zamani na mishahara. Korona ilipofika kilikuwa kimeliwa.

Nchi nyingine zilifanyaje? (Msomaji, Bujumbura)

New Zealand waliudhibiti ugonjwa mapema, wakaanza mashindano ya timu zao tano Juni 2020 na watu viwanjani, Eden Park ikajaza mashabiki zaidi ya 40,000 wakati Uingereza haijaruhusu hata mmoja. Ufaransa waliufuta msimu wa 2019/20 bila bingwa. Klabu zao zilikuwa na mkataba mnono wa televisheni, serikali ikasaidia mishahara na hasara ya tiketi. Pia wana chombo cha kukagua hesabu za klabu kila mwaka chenye mamlaka ya kuishusha daraja klabu yenye vitabu vibovu. Kwa mawazo yangu hicho ndicho Uingereza ilichokosa zaidi ya pesa. Afrika Kusini iliipoteza Southern Kings, iliyoingia ufilisini Septemba 2020.

Na sisi Kenya? Klabu zetu si za kulipwa kikamilifu, tulipoteza nini? (Msomaji, Kakamega)

Tulipoteza ligi kuanzia Machi 2020, na mashindano ya wachezaji saba kila upande ya mwaka huo, Prinsloo pale Nakuru na Driftwood pale Mombasa yakiwemo. Kwa klabu mwenyeji, wikendi moja ya mashindano hayo, hema za wadhamini na mauzo ya vinywaji, ni sehemu kubwa ya mapato ya mwaka.

Klabu ya Kabras inategemea kampuni ya sukari na ile ya KCB inategemea benki. Hiyo ni kinga na ni hatari kwa pamoja, maana siku kampuni ikibana matumizi, raga haitakuwa ya mwisho kukatwa. Klabu za vyuo vikuu zina uwanja na mabweni, lakini chuo kikifungwa wachezaji wote wanarudi makwao. Nafuu yetu ilikuwa ndogo na chungu: mchezaji ambaye hakuwa akilipwa mshahara hakuiachia klabu deni la mshahara. Hasara alibaki nayo yeye mwenyewe, nyumbani.

Nimechaguliwa mweka hazina wa klabu ndogo. Nianzie wapi? (Msomaji, Eldoret)

Pesa za ada za wanachama na tiketi zinazolipwa kabla ya msimu zisiguswe mpaka mechi zichezwe, maana mechi zikifutwa ni deni. Kodi ilipwe kila mwezi hata kama jezi zitachelewa. Uliza ardhi ya uwanja iko kwa jina la nani na kama imewekwa rehani, kisha omba uione hati yenyewe. Jua klabu inaweza kuishi miezi mingapi bila senti kuingia, na uiseme idadi hiyo mbele ya wanachama wote kwenye mkutano mkuu. Mikataba ya wachezaji na kocha iwe na kipengele kinachosema watalipwa kiasi gani ligi ikisimamishwa, kikubaliwe kabla ya msimu wakati kila mtu ana furaha. Leicester walilijadili jambo hilo milango ikiwa imefungwa tayari.