Jina lako limo ndani ya programu? Pekua kabla hujakabidhi

Mwaka 2017 niliandika programu ya stoo kwa lugha ya C kwa ajili ya duka la vifaa vya ujenzi. Baada ya miaka miwili nikaikuta duka jingine, imebadilishwa jina la kwenye skrini tu. Niliumia, lakini nilijipa moyo: juu kabisa ya kodi, yaani maandishi ya asili ya programu, nilikuwa nimeandika jina langu na mwaka. Nikaomba nakala ya faili, nikaipekua. Jina langu halikuwamo.

Kosa lilikuwa langu. Nililiandika kama komenti, yaani maelezo ya kusomwa na watu tu, na kompaila, ile inayogeuza kodi kuwa programu ya kuendeshwa na kompyuta, huzitupa komenti zote mwanzoni kabisa mwa kazi yake. Anayepokea programu iliyokwisha kukompailiwa hazioni kamwe.

Toleo lililofuata nikaweka maneno hayo kwenye safu ya herufi ndani ya kodi: `static const char hakimiliki[]`. Nikakompaili kwa `-O2`, yaani nikiitaka kompaila iboreshe programu iende kasi, nikapekua tena: hamna! Hakuna mahali popote programu ilipoitumia safu hiyo, kwa hiyo kompaila ikaiona mzigo, ikaifuta. Ukiwa na kompaila ya GCC au Clang unaweza kuongeza `__attribute__((used))`, yaani kuiambia isiifute, ingawa linka (inayounganisha vipande vya programu) yenye `--gc-sections`, agizo la kutupa sehemu zisizotumika, bado inaweza kuiondoa. Ninachokiamini mimi ni kuyapa maneno hayo kazi: yachapishwe mtumiaji anapoandika `--version`, au yatokee kwenye dirisha la “Kuhusu”. Kinachotumika hakifutwi.

Kisha pekua faili lenyewe utakalokabidhi, baada ya kulipitisha kwenye `strip`, amri inayoondoa majina ya ndani yasiyohitajika. Amri ya `strings` huonyesha maneno yanayosomeka ndani ya faili, na `grep` huchuja unalolitafuta:

`strings stoo | grep -i hakimiliki`

Hapo kuna mtego ulionipotezea jioni nzima. Alama ya © katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, ni baiti mbili zilizo nje ya ASCII, orodha ya herufi za msingi za Kiingereza, na `strings` ya kawaida huweza kuukata mstari hapo hapo. Andika neno “Hakimiliki” au “Copyright”, halafu (c), mwaka wa kwanza kutolewa, na jina la mmiliki. Ukianza na `@(#)`, kama walivyozoea watu wa Unix tangu zamani, amri ya `what`, inayotafuta alama hiyo, italikuta tangazo lako bila shida. Kwenye Windows jaza pia sehemu ya `LegalCopyright` katika taarifa za toleo la programu. Huhifadhiwa kwa UTF-16, mfumo mwingine wa herufi, kwa hiyo tafuta kwa `strings -el`.

Tangazo hili si kufuli. Mwenye kihariri cha baiti anaweza kulifuta. Wala si lenyewe linalokupa haki: chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, kazi yako inalindwa hata bila tangazo. Lakini linamnyima mtu nafasi ya kusema hakujua ni ya nani, na aliyelifuta ameacha dalili ya nia yake.

Siku hizi, siku ya kukabidhi, napiga hesabu ya SHA-256 ya faili, namba ndefu ambayo hubadilika faili likiguswa, na kuiandika kwenye hati ya makabidhiano, mimi na mteja tunasaini. Na jina la nani litakaa kwenye tangazo, langu au lake, tunakubaliana kwa maandishi kabla sijapokea malipo ya kwanza.