Unayeanza kusoma Majina yaliyofichwa, shika kalamu kwanza

Ndugu yangu, najua umekuja na hamu gani. Umesikia kwamba ndani ya Torati kuna majina ya Mungu yaliyofichwa, la herufi 42, na lile la vikundi 72 vya herufi, na unataka uonyeshwe. Mimi nilikuja na hamu hiyo hiyo, na ikanigharimu karibu mwaka mzima.

Nilipata jedwali la majina 72, nikalichapisha, nikalibandika ukutani, nikaanza kukariri. Kila jina lilikuwa na malaika wake, siku zake tano za mwaka na faida zake. Nilikuwa nimefika kama jina la 30 pale mzee mmoja wa Kiyahudi, aliyekuwa akinisaidia Kiebrania, aliponiuliza, "Haya yametoka wapi?" Sikuwa na jibu. Akanifungulia Kutoka sura ya 14, akanisogezea daftari la hesabu, lile la vijisanduku, akasema, "Hesabu mwenyewe."

Nawe fanya hivyo hivyo, kabla ya kusoma kitabu chochote cha Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi.

Chukua aya ya 19, ya 20 na ya 21. Ni usiku wa Bahari ya Shamu: nguzo ya wingu inatoka mbele ya Waisraeli na kusimama nyuma yao, Wamisri na Waisraeli hawakaribiani usiku kucha, kisha Musa ananyosha mkono na maji yanagawanyika. Katika Kiebrania kila moja ya aya hizo ina herufi 72 kamili. Andika ya 19 kwa mwendo wake wa kawaida, kutoka kulia kwenda kushoto, herufi moja kila kijisanduku. Chini yake andika ya 20 kinyume, ukianza na herufi yake ya mwisho. Chini ya hiyo andika ya 21 kwa mwendo wa kawaida tena. Sasa acha kusoma kwa upana, shuka chini. Herufi tatu za kwanza ni vav, he, vav. Hilo ndilo jina la kwanza. Zinazofuata ni yod, lamed, yod. Kisha samekh, yod, tet. Ukifika mwisho utakuwa na vikundi 72 vya herufi tatu tatu.

Ilinichukua jioni tatu. Nilichanganya dalet na resh, nikachanganya he na het, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Nilipomaliza nilikwenda ukutani kulinganisha, nikakuta jedwali langu lina herufi za makosa katika majina manne. Nilikuwa nimeyakariri makosa hayo kwa moyo wangu wote. Na wale malaika wenye siku tano tano? Ule ni mpangilio uliokuzwa na waandishi wa uganga wa Ulaya karne nyingi baadaye. Usiubebe ukadhani ni Torati.

Kwa nini aya ya kati igeuzwe? Wanakabala husema aya ya kwanza ni upande wa fadhili, ya pili ni upande wa hukumu, ndiyo maana inarudi nyuma, na ya tatu inaziunganisha mbili hizo. Rudi kwenye simulizi uone jinsi jambo hilo linavyokaa: wingu moja, usiku mmoja, giza kwa hawa na nuru kwa wale. Kama hukuisoma hadithi yenyewe, herufi hazitakuambia kitu.

Kama ulisoma chuo cha Kurani ukiwa mtoto, unayo nafuu kubwa. Mwendo wa kulia kwenda kushoto umeuzoea, na hesabu ya abjadi, alif moja, be mbili, unaijua. Gematria ya Kiebrania, yaani kuhesabu neno kwa thamani za herufi zake, ni ndugu yake wa damu. Herufi nne za Jina lenyewe, yod he vav he, ni 10, 5, 6 na 5, jumla 26. Neno *ehad*, mmoja, ni 13. *Ahava*, upendo, ni 13 pia, na ukiyajumlisha unarudi kwenye 26. Lakini nakuomba usilewe hesabu. Kwa tarakimu unaweza kuthibitisha karibu lolote unalolitaka, na nimewaona watu wakipotelea humo. Mimi hupendelea kuangalia mahali ambapo Wayahudi wameacha hesabu kwa ajili ya heshima: 15 ingepaswa kuandikwa yod na he, yaani 10 na 5. Hawaandiki hivyo, kwa kuwa herufi hizo mbili zenyewe ni jina la Mungu. Huandika tet na vav, 9 na 6.

Hapo ndipo utaanza kuelewa neno kufichwa. Katika Kutoka 3:15 Mungu anamwambia Musa kwamba hili ndilo jina lake hata milele. Neno hilo la milele, *le'olam*, limeandikwa pale bila vav. Walimu wa Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, waliliona pengo hilo wakasema linaweza kusomwa *le'alem*, yaani la kufichwa. Kwa hiyo Jina huandikwa kwa namna moja na kutamkwa kwa nyingine, Adonai, ndiyo maana Biblia yako ya Kiswahili ina BWANA kwa herufi kubwa. Hekaluni, Kuhani Mkuu alilitamka Siku ya Upatanisho, na watu waliosikia walianguka kifudifudi. Hekalu lilibomolewa mwaka 70. Talmudi inasema walimu waliwapa wanafunzi matamshi yake mara moja tu katika miaka saba, na jina la herufi 42 hapewi ila mtu mnyenyekevu, aliyefika katikati ya umri wake, asiyekasirika, asiyelewa, asiyeng'ang'ania haki zake. Soma orodha hiyo polepole. Hakuna mahali inapotaja akili.

Mfano mmoja zaidi, kwa sababu naupenda sana. Kitabu cha Esta hakitaji jina la Mungu hata mara moja. Ila katika 5:4, Esta anapomwalika mfalme aje pamoja na Hamani siku ile, maneno ni *yavo hamelekh ve-Haman hayom*. Chukua herufi za mwanzo: yod, he, vav, he. Wafasiri waliliona hilo zamani. Malkia anazungumza karamu, roho mkononi, na Jina limo ndani ya mwaliko wake. Niliposoma aya ile kwa Kiebrania kwa mara ya kwanza nilisimama kutoka kitini.

Basi jifunze herufi 22 za Kiebrania kwanza, ujipe miezi kadhaa na usione haya. Soma aya yote na sura yote kabla ya kuihesabu. Na Jina usijaribu kulitamka, hata ukiwa peke yako chumbani. Wenyewe wamelitunza hivyo kwa karibu miaka 2,000, nasi ni wageni wao.

Nilipomaliza ile karatasi yangu iliyotoboka, nilinakili upya kwa usafi na kutaka kuitupa ile mbovu. Mzee alinishika mkono. Akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, kijisanduku cha 22, akakisogeza taratibu mpaka cha 25. Yod, he, vav, he. Nilikuwa nimeliandika bila kulitambua, nikishughulika na kushuka chini. Karatasi yenye Jina haitupwi wala haichomwi. Huwekwa pamoja na vitabu vilivyochakaa, kisha huzikwa. Aliikunja mara mbili, akaiondoa mezani, akaiweka mwenyewe ndani ya sanduku.