Yule kijana aliyesimama langoni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa nje kwenye kigoda. Unauliza kwa nini kila Sabato, tukisoma parasha ya juma, yaani sehemu ya Torati iliyopangiwa juma hilo, mama yako anamtafuta maskini ndani yake, hata pale Torati inapotaja mapazia ya hema na damu ya wanyama. Unauliza pia kama huko si kuitilia Torati maneno yetu kinywani. Una haki ya kuuliza.

Simtafuti, mwanangu. Namkuta. Chukua Vayikra, parasha ya kwanza ya Mambo ya Walawi, ile inayokuchosha kwa sadaka zake. Aliyekosa alete kondoo au mbuzi jike. Asiyemudu, alete hua wawili. Asiyemudu hata hua, alete unga, sehemu ya kumi ya efa, kipimo cha nafaka cha zamani. Kuhani anachota konzi moja ya unga ule, na mwenye unga anasamehewa sawasawa na mwenye kondoo. Hapo sijaongeza neno langu.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mwaka ule ulipokuwa kidato cha pili nilimwita kijana mmoja wa hapa milimani anichimbie viazi. Ilikuwa Ijumaa. Jioni nilikuwa na noti ya elfu moja tu, nikaona uvivu kutafuta chenji wakati Sabato inaingia, nikamwambia aje Jumapili. Hakubisha. Alisimama langoni akikwangua udongo kwenye jembe kwa kijiti, taratibu, mpaka chuma kikaonekana, kisha akaenda. Kesho yake tulisoma Ki Tetze, parasha ya Kumbukumbu la Torati: mpe kibarua ujira wake siku iyo hiyo, jua lisichwe kabla hujampa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutegemea. Zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Sauti ilinikwama. Marabi katika Talmudi, kitabu cha mijadala yao ya kale juu ya sheria, wanauliza: mtu huyu alipanda ngazi, akaning'inia mtini, akahatarisha uhai wake, kwa ajili ya nini kama si ujira wake? Pesa siwezi kushika siku ya Sabato, kwa hiyo nilingoja nyota tatu zitoke, dalili kwamba Sabato imekwisha, nikampelekea usiku uleule. Mama yake ndiye aliyenifungulia. Jikoni hakukuwa na moto.

Ndiyo maana nashikilia kusoma kwa zamu. Parasha ni 54, zinafuatana kuanzia Bereshit, yaani Mwanzo, hadi kifo cha Musa, na zamu ikifika imefika. Ningekuwa najichagulia, Sabato ile ningesoma zaburi.

Lakini umenigusa penye kidonda ulipotaja watumwa. Ni kweli, Behar, parasha nyingine ya Mambo ya Walawi, inaruhusu watumwa wa mataifa mengine warithishwe kwa watoto kama mali. Sitaipamba. Nimewasikia wanaosema sheria ile ilikuwa nafuu kwa zama zake. Aliyerithishwa pamoja na ng'ombe sidhani angeiita nafuu. Naisoma kwa sauti ileile, siiruki. Kisha nakumbuka Kumbukumbu la Torati inavyokataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyetoroka: akae kwenu, mahali atakapopachagua mwenyewe. Maneno yote mawili yamo katika Torati moja, na mimi nimeamua nitasimama na lipi. Ukisema hapo nimechagua, nakubali, na nitajibu kwa hilo.

Parasha ya juma hili ni Shoftim, katika Kumbukumbu la Torati. Mwishoni kuna maiti iliyokutwa kondeni, muuaji hajulikani. Wazee wanatoka na kupima umbali hadi miji iliyo kandokando. Wazee wa mji ulio karibu zaidi wanachukua mtamba wa ng'ombe asiyewahi kufungwa nira, wanamvunja shingo bondeni penye mto, wananawa mikono na kusema mikono yao haikuimwaga damu hii. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi ambao Talmudi inaujadili, inashangaa: nani angewadhania wazee kuwa wauaji? Inajibu kwamba wanachoapia ni hiki: hakuja kwetu tukamwacha aende bila chakula, wala hatukumwona tukamwacha aende bila wa kumsindikiza.

Wewe sasa unakaa Nairobi, kwenye ghorofa ambalo, kwa barua yako mwenyewe, hujui jina la jirani hata mmoja. Isome Shoftim kabla jua la Ijumaa halijatua. Sabato ikitoka nipigie, uniambie wewe ungeanza kupima kutoka mlango gani.

Shabat shalom, mwanangu.

Mama yako