Je, Kiburma ni lahaja ya Kichina?

Ndugu, ulichouliza kina jibu fupi: Kiburma si lahaja ya Kichina, ingawa lugha zote mbili zimo katika familia ya Kisino-Tibeti. Kiburma ndicho lugha rasmi ya Myanmar, na ni lugha ya kwanza ya watu wapatao milioni 33, huku Washan, Wakaren na makabila mengine ya nchi hiyo wakiitumia kama lugha ya pili. Toni, yaani namna sauti inavyopanda au kushuka, hubadilisha maana ya neno, na kitenzi huja mwishoni mwa sentensi. Herufi zake za mviringo, zilizokwisha kuchongwa kwenye jiwe la Myazedi, jiwe la kale lenye maandishi huko Myanmar, mnamo 1113 hivi, zina asili ya India. Kinachonivutia mimi zaidi ni kwamba “mimi” ya heshima hutegemea msemaji: mwanamume husema kyanaw, mwanamke kyama.