Mjomba Anajibu: Neno la Afande na Neno Letu

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za polisi na maandamano, alafu nyingine za mpira na muziki wa Waingereza, nikasema nisizitenganishe. Niandikieni tu, hata kwa Kiswahili cha kuchanganya, ntaelewa.

*

*Mjomba shikamoo. Mimi ni Liverpool damu tangu shule ya msingi, mechi naangalia kwa kibanda hapa Walukuba. Juzi tukaona mashabiki wamenyanyua bango la namba 97, jamaa mmoja wa Man U akasema hao ni walevi waliokanyagana wenyewe. Karibu tupigane. Ukweli ni upi? (Shabiki, Jinja)*

Marahaba mwanangu. Huyo jamaa kameza uongo, na huo uongo hakuutunga yeye, waliutunga watu wenye magwanda zaidi ya miaka 35 iliyopita na bado unatembea mpaka umefika Walukuba.

Ilikuwa tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest, uwanja wa Hillsborough kule Sheffield. Watu wa Liverpool wakapewa upande wa Leppings Lane, mageti ya kuingilia machache, maelfu wako nje wanasukumana na mpira unaanza saa tisa. Ikabaki kama dakika nane hivi, afande mkubwa wa siku hiyo, David Duckenfield, akaamuru geti la kutokea lifunguliwe watu waingie. Sawa, likafunguliwa, watu wakafuata njia iliyokuwa mbele ya macho yao, handaki linaloshuka moja kwa moja mpaka kwenye vizimba vya katikati ambavyo vilishajaa, na hakuna hata askari mmoja aliyesimama pale kuwaambia nendeni pembeni huku kuna nafasi. Mbele kuna uzio wa chuma, nyuma watu wanaendelea kuja. Wewe unajua kubanwa kwenye taksi usiku wa kuamkia Krismasi, goti la mtu mbavuni kwako. Sasa hapo hata kifua huwezi kukijaza hewa. Kuna waliokufa wamesimama.

Na watu bado wanakufa, huyo mkubwa akawaambia wakubwa wa FA, chama cha mpira cha kule, ati mashabiki ndio wamevunja geti. Geti aliloamuru yeye mwenyewe! Mwaka 2015, miaka 26 baadaye, ndipo alikuja kukiri kwamba alidanganya. Siku nne baada ya msiba gazeti la The Sun likaandika ukurasa wa kwanza kwamba mashabiki waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi, ndio maana mpaka leo pale Liverpool kuna maduka hayaliuzi. Mwaka 2012 jopo huru likafungua makaratasi likakuta maelezo 164 ya polisi yalibadilishwa, na katika hayo 116 yalifutwa au kugeuzwa sehemu zilizokuwa zinawasema vibaya polisi wenyewe. Yani afande kijana ameandika alichokiona kwa macho yake, mkubwa anakata mstari.

Aprili 2016 baraza la wazee wa mahakama ya uchunguzi likasema watu wale waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa lolote. Miaka 27. Kuna akina mama waliozeeka kwenye korido za mahakama wakisubiri hayo maneno, wengine walikufa kabla ya kuyasikia. Mtu wa 97, ndiyo ile namba ya bango, alifariki 2021 kwa majeraha ya siku ile ile. Na Duckenfield? Mwaka 2019 baraza lingine la wazee lilimwona hana hatia. Mimi siwezi kuita hiyo haki, nakwambia wazi. Ila uongo ulishindwa, na ulishindwa kwa sababu wazazi walikataa kunyamaza. Rudi kibandani mweleze jamaa pole pole, usimpige.

*

*Mjomba, tunaambiwa chuoni kwamba Uingereza polisi hawabebi bunduki na maandamano ni ruksa, mtu anapaza sauti na kurudi nyumbani. Mbona sisi tulirithi sheria zao lakini hatukurithi huo ustaarabu? (Mwanafunzi, Kikoni)*

Bunduki ni kweli, askari wengi kule wanatembea bila bunduki, na hiyo si kitu kidogo. Hapa kwetu Uganda Novemba 2020, siku mbili tatu baada ya Bobi Wine, mwanamuziki aliyekuwa anagombea urais, kukamatwa Luuka, serikali yenyewe ilihesabu maiti 54, na miongoni mwao kuna waliokuwa wamekwenda tu sokoni. Kwa hiyo sitakwambia ni sawasawa. Bunduki ikiwepo mkononi kosa la dakika moja linazaa kaburi.

Lakini hilo neno ustaarabu liweke chini kidogo. Unajua wale wenzetu wana mbinu jina lake ni birika la chai? Polisi wanawazunguka pande zote, mnabaki katikati kama maji ndani ya birika, hutoki, huendi chooni, mpaka wao wachoke. Tarehe 1 Mei 2001 pale Oxford Circus, London, waliwafungia watu kiasi cha elfu tatu kwa karibu masaa saba, baridi na mvua. Kulikuwa na mwanamke, Lois Austin, amemwacha mtoto wa miezi 11 anayenyonya, akaomba atoke akamchukue, wakakataa. Akaenda mahakamani, akashindwa, akaenda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, na mwaka 2012 majaji wengi wakasema hapana, huko si kunyimwa uhuru. Mimi ni baba, nimesoma hiyo hukumu na bado haijanishuka kooni. Mwanamke amezungukwa na askari masaa saba, titi limejaa maziwa, hiyo kama si kunyimwa uhuru ni nini?

Alafu tarehe 1 Aprili 2009, wakuu wa nchi za G20 wamekuja London. Muuza magazeti mmoja, Ian Tomlinson, anajaribu kwenda zake nyumbani, mikono mfukoni, hata kwenye maandamano hayumo. Askari akamchapa rungu mguuni na kumsukuma kwa nyuma akaanguka kifudifudi, muda mfupi baadaye akafa. Maelezo ya kwanza, ati moyo. Ingeishia hapo, ila mgeni mmoja kutoka New York alikuwa ameshika kamera, akaipeleka video kwa gazeti la Guardian, na dunia nzima ikaona. Mwaka 2011 mahakama ya uchunguzi ikasema aliuawa kinyume cha sheria. Mwaka 2012 yule askari akashinda kesi ya jinai, akafukuzwa kazi. Unaona? Kijana ukija kwangu kuuliza tofauti yetu na wao, mimi ntakuuliza kwanza nani alikuwa na kamera.

Na usidhani ni mambo ya zamani. Tarehe 6 Mei 2023, siku Mfalme Charles anavishwa taji, watu sita wa kikundi cha Republic kinachopinga ufalme walikamatwa asubuhi wakishusha mabango kwenye gari, pamoja na kiongozi wao Graham Smith. Polisi walidai zile kamba za kufungia mabango ni vifaa vya kujifunga barabarani, na sheria waliyotumia ilikuwa na siku chache tu tangu ianze kazi. Wakakaa rumande mpaka usiku, sherehe ikaisha, wakaachiwa bila shtaka, polisi wakasema wanasikitika. Mfalme hajaharibiwa chochote na wao wamekosa siku yao.

Kuhusu sheria tulizorithi, hapa nisikilize vizuri manake ndipo tunapochezewa. Uingereza ukitaka kuandamana unatoa taarifa siku 6 kabla. Taarifa, si ombi. Sisi Katiba yetu ya 1995, ibara ya 29, inasema una uhuru wa kukusanyika na kuandamana na wenzako kwa amani bila silaha. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ikaifuta ile sehemu ya Sheria ya Polisi iliyompa mkubwa wa polisi nguvu ya kukataza mikutano. Mei 2011, hukumu iko pale pale, wapinzani wakataka kukutana Constitution Square, Kampala, wakamwagiwa maji ya pinki mpaka suti zikageuka rangi. Mwaka 2013 Bunge likapitisha sheria mpya ya mikutano ya hadhara na nguvu ile ile ikarudi kupitia mlango wa nyuma. Machi 2020 mahakama ikaifuta tena, kifungu cha 8. Mara mbili! Kilichobaki ni taarifa, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 15. Lakini nenda kaulize askari yeyote barabarani, atakwambia mna kibali? Na sisi wenyewe tunasema kibali, kwenye redio tunasema kibali, na kila tukilitaja hilo neno tunamrudishia afande kile ambacho mahakama imemnyang'anya mara mbili. Acheni hilo neno. Semeni tumetoa taarifa.

*

*Mjomba, mimi ni mama nauza nyanya Katwe. Kijana wangu alikamatwa siku watu walitaka kutembea kwenda Bunge, yeye alikuwa anapita na boda yake. Nikaambiwa nilete pesa ya bondi. Nilitoa. Ikitokea tena nifanye nini? (Mama Nyanya)*

Pole sana dada yangu. Bondi ya polisi, yani kumtoa mtu kituoni kwa dhamana, ni bure. Bure kabisa, na vituo vingi vina bango ukutani linalosema hivyo, wakati mwingine liko nyuma ya mlango.

Ikitokea tena usiende peke yako. Pitia kwa mwenyekiti wa LC1, yani baraza la kijiji, akuandikie barua, beba na kitambulisho chako cha taifa, na umchukue mtu mmoja anayejua kuandika. Ukifika andika saa uliyofika, jina la afande wa zamu kama lilivyo kifuani kwake, na namba ya faili. Uliza kwa heshima lakini kwa sauti ya kusikika: kijana wangu ameshtakiwa kwa kosa gani, na alikamatwa saa ngapi? Hiyo saa ndiyo dawa, manake ibara ya 23 inasema wakishamkamata wana masaa 48 kumfikisha mahakamani, na masaa yanahesabiwa tangu mkono wa askari ulipomgusa, si tangu walipoamua kuandika kitabu. Ibara hiyo hiyo inampa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, ya nyinyi ndugu kujulishwa, ya wakili na ya daktari. Mpelekee chakula kwa kontena linaloonekana ndani, kavera nyeusi, yani mfuko wa plastiki, wanaipekua mpaka chakula kinapoa.

Lile shtaka la usumbufu kwa umma, ambalo lilibandikwa vijana wengi wa yale maandamano ya kupinga rushwa ya Julai 2024, lisikutishe. Ni jina pana la kumfungia mtu ambaye hawajapata cha kumfungia. Na hiyo pesa uliyotoa, dada, naijua ilikuwa mtaji wa nyanya wa wiki nzima. Naumia kuiandika.

*

*Mzee wangu anasema muziki wa siasa unaharibu vijana na serikali ina haki ya kuuzima. Mjomba unasemaje? (Binti wa Entebbe)*

Msalimie mzee. Mwambie mwaka 1977, Malkia Elizabeth anasherehekea miaka 25 ya kiti, vijana wa bendi ya Sex Pistols walitoa wimbo wa kumsema, BBC wakakataa kuupiga, nao wakakodi boti wakapiga muziki mtoni Thames mpaka polisi wakawatoa na kukamata watu. Wimbo ulifika namba 2. Baadaye, mwaka 1994, Bunge la Waingereza wakatunga sheria ya kuzima disko za mashambani usiku, na ndani yake wakaandika muziki wenye midundo inayojirudia rudia. Bunge zima limekaa kufafanua ngoma! Hapa Busabala Aprili 2019 tamasha la Bobi Wine lilizuiwa na polisi, nani kati yenu aliacha kuziimba zile nyimbo kesho yake? Binti, mzee ana haki ya kutoupenda, azime redio yake. Redio ya jirani aiache.

*

*Mjomba, huoni aibu kutuandikia kwa lugha ya panda gari? (Asiyependa Kiswahili, Wobulenzi)*

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara nne. Nakujua unatoka wapi kwa kuona tu jina la mji, huko Luweero vita vilikopita.

Wadogo hawajui, niwaeleze: miaka ya mwanzo ya 1980 askari walikuwa wanazunguka mtaa alfajiri, kila mtu nje, kipande kiko wapi, alafu lori liko pale na neno ni moja, panda gari. Mimi nilikuwa mtoto. Kabla sijajua kusalimia kwa Kiswahili nilishajua kaa chini, lala chini, panda gari. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alipanda moja ya hizo gari amevaa shati bila vifungo manake hawakumpa muda. Mama alikuwa ameshika vifungo mkononi, alikuwa katika kuvishona. Hakurudi. Kwa hiyo aibu siyo ninachokiona, naona uchungu kama wewe.

Lakini hayo maneno waliyachukua, hayakuwa yao. Leo Kiswahili kipo kwenye Katiba yetu ibara ya 6 lugha rasmi ya pili, na tangu 2022 serikali imeamua kifundishwe mashuleni. Muhula uliopita mjukuu wangu alileta kazi ya nyumbani, atunge sentensi kwa neno panda. Akasoma mbele ya mama yangu, ambaye sasa ana miaka 80 na kitu na macho hayaoni vizuri: "Panda gari bibi, twende kwa shangazi tukale samaki." Nikaganda. Mama alinyamaza muda mrefu, mkono umeshika pindo la gomesi, gauni lake, alafu akamwambia mtoto, soma tena.