Mashine inanikaba, mama. Niiuze?

*Mbukwenyi mama, na shikamoo. Mimi ni dereva wa Fuso, napakia mahindi Kibaigwa kupeleka Dar es Salaam. Umri wangu miaka 49. Mwezi wa nne nilisinzia nikiwa kwenye usukani karibu na Gairo. Tandiboi wangu aliudaka usukani, Mungu akatusitiri. Nyumbani walishazoea kusema nakabwa na jinamizi, maana usiku nakoroma, kisha nanyamaza kama maiti, halafu nashtuka nikihema. Hospitali walinipima usingizi, wakaniambia pumzi inakatika mara 34 kwa saa, wakaniandikia mashine ya kupuliza hewa. Nimeuza ng'ombe watatu kuinunua. Hii ni wiki ya tatu. Pua inakauka hadi damu, barakoa inavujisha upepo machoni, na saa nane usiku najikuta nimeivua bila kujua. Mke wangu, aliyehamia chumba cha watoto tangu mwaka juzi kwa sababu ya makoromo, ananikataza kuwasha dawa ya mbu, anasema ile ni oksijeni italipuka. Fundi mmoja kaniambia kwenye kile kidumu cha maji nitie maji ya betri. Na umeme ukikatika nikiwa nimelala, si ndiyo nimekwisha? Kuna mtu anataka kuinunua.*
*Dereva, Kibaigwa*

Marahaba mwanangu. Huyo mnunuzi mwambie atafute yake.

Wiki tatu ni chache. Mimi yangu niliipata mwaka 2018, na wiki yote ya kwanza ilikaa juu ya kabati, nimeifunika kanga, kwa sababu kila nikiitazama niliona kama inanicheka. Unesi nimeufanya zaidi ya miaka thelathini, wagonjwa nimewavisha barakoa za kila aina, yangu mwenyewe ikanishinda. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kutoka mbinguni.

Kwanza tumalize hilo la jinamizi. Ukilala, misuli ya koo inalegea. Kwa watu kama mimi na wewe inalegea kupita kiasi, ulimi unarudi nyuma na njia ya hewa inajifunga. Unakaa sekunde kumi, wakati mwingine hata nusu dakika na zaidi, huvuti kitu. Ubongo unastuka, unakuamsha kidogo tu, unahema, unarudi kulala bila kukumbuka. Mara 34 kwa saa ni karibu kila dakika mbili. Madaktari huanza kuiita hali kali ikifika 30. Ndiyo maana unaamka asubuhi kama uliyetoka kupakua magunia usiku kucha.

Mashine haina oksijeni ndani. Inavuta hewa hiyohiyo ya chumbani kwako, inaichuja, inaisukuma puani ili koo lisijifunge. Wewe dereva utanielewa: mpira wa ndani wa tairi ukiwa na upepo, kuta zake hazigusani. Haitalipuka. Ila mkeo kapatia kwa njia nyingine, maana ukiwasha dawa ya mbu ya kuzungusha hapo jirani, mashine itauvuta ule moshi na kukupulizia moja kwa moja kifuani usiku mzima. Jiko la mkaa chumbani ni baya zaidi, na hilo lingekuua hata bila mashine. Tumia chandarua. Mashine ikae nje ya chandarua, juu ya stuli fupi iliyo chini kidogo ya usawa wa kitanda, mpira wake upite chini ya pindo na pindo ulichomeke godoroni.

Sasa pua. Hapa ndipo wengi wa huku kwetu wanaposhindwa, na lawama wanaipa barakoa. Hewa ya Dodoma unaijua: kuanzia mwezi wa tano mvua imekwisha, upepo na vumbi, midomo inapasuka hata ya mtu asiye na mashine. Ukichukua hewa hiyo ukaisukuma puani saa saba mfululizo, damu itatoka tu. Kile kidumu cha maji si pambo. Maji yake hupashwa moto kidogo ili hewa ipite ikiwa na unyevu. Tafuta kitufe chake, panda ngazi moja, lala siku mbili tatu, ukiona bado panda tena. Ukisikia maji yanagugumia ndani ya mpira, hasa usiku wa baridi wa Juni na Julai, umepandisha mno au mpira unapoa. Teremsha ngazi moja, au fanya kama mimi, uzungushie mpira kitambaa cha kanga kuukuu. Damu isipoacha ndani ya wiki moja, rudi kwa daktari, usingoje siku ya kliniki.

Maji ya betri mwaga leo hii. Chupa moja ni maji matupu, nyingine ni tindikali, na dukani zinakaa rafu moja. Kama yako ilikuwa tindikali, hicho kidumu kitupe pia, nunua kingine. Kinachotakiwa ni maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliogeuzwa kuwa maji tena, ulizia duka la dawa. Ukikosa kwa usiku mmoja au miwili, chemsha maji, yapoe, tumia. Lakini usifanye mazoea, maana maji yetu mengi ni ya visima na yana chumvichumvi. Tazama ule ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai, ndio utakaoganda kwenye kidumu. Asubuhi mwaga yaliyobaki, suuza, anika. Kichujio cha nyuma kitazame kila wiki. Yangu mwezi wa tisa huwa rangi ya udongo kabisa.

Barakoa kuvuja machoni: je, unapaka mafuta usoni kabla ya kulala? Nina hakika unapaka, Dodoma nani hapaki. Mafuta yanaitelezesha barakoa na kuulainisha ule mpira wake unaogusa uso mpaka unaharibika. Nawa uso kwa sabuni, ukauke, vaa. Mafuta paka asubuhi. Halafu usikaze mikanda kama unafunga turubai la mzigo. Ukikaza sana ule mpira unajikunja na unavuja zaidi. Lala chali, washa mashine, ndipo urekebishe mikanda, kwa sababu uso wa mtu aliyelala si uso wa aliyekaa. Ikiendelea, huenda saizi si yako. Nenda nayo kliniki, waombe wakujaribishe nyingine.

Kuivua usingizini nilifanya karibu mwezi mzima. Dawa yake iko mchana. Jioni ukisikiliza taarifa ya habari, vaa barakoa peke yake nusu saa. Kesho yake unganisha mpira na uwashe, huku umekaa tu. Mwili uzoee ukiwa macho, usiuvizie gizani. Uliza pia kuhusu ule mwanzo wa polepole: mashine nyingi zinaweza kuanza na msukumo mdogo, kisha zikapanda ukishasinzia. Ukishtuka saa nane huna barakoa, irudishe. Usijihukumu, usiseme "nitaanza kesho".

Najifariji kwa jambo moja. Daktari wa Australia, Colin Sullivan, alipoitengeneza mashine hii na kuitangaza mwaka 1981, barakoa za mwanzo zilibandikwa usoni kwa gundi, kila usiku. Sisi tuna mikanda.

Umeme ukikatika hufi. Barakoa ina vitundu vya kutolea hewa, na kama yako ni ya puani tu, mdomo uko wazi. Utaamka, au utakoroma kama zamani. Zipo betri za mashine hizi, na kidumu kikizimwa zinadumu zaidi. Usiiunganishe mwenyewe kwenye betri ya Fuso bila kifaa chake. Najua unawaza hivyo.

Bia ya jioni iache kwa sasa, inalilegeza koo.

Na kuendesha. Mwanangu, hapa sibembelezi: usiingie barabarani na mzigo mpaka daktari asome kumbukumbu ya mashine. Inaandika saa ulizoivaa na mara ambazo pumzi imekatika. Atataka pumzi ikatike chini ya mara 5 kwa saa na uvae usiku wote. Kuivaa kwa muda wa saa nne ni kiwango cha chini tu. Ng'ombe watatu wameshaondoka, lakini tandiboi yule ana mama yake. Wala usiniambie habari za mirungi.

Kuhusu mkeo, mwambie arudi chumbani usiku mmoja asikilize. Mashine ikikaa sawa inavuma kama feni ndogo tu. Ila umpe upande wa nyuma yako, kwa sababu vile vitundu vya barakoa vinapuliza mbele, na ukimgeukia utampepea uso hadi asubuhi. Mume wangu alivumilia siku mbili, ya tatu akanigeuza mwenyewe.