Jibu: Barabara ya mtaa kukatiza reli Tabora, kazi imesimamishwa

Salaam mkuu. Umesema greda limefika relini, watu wa reli wamekusimamisha, na barua ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, unayo mkononi. Barua hiyo inakupa barabara tu, reli ni ya TRC, Shirika la Reli Tanzania.

Kwanza angalia ni reli ipi. Kama ni SGR, ile reli mpya ya kisasa, sahau kivuko cha kupita juu ya reli. Ni daraja, au upite chini. Kama ni ile ya zamani yenye upana wa mita moja, mpeleke mhandisi wa TRC saiti kabla ya kuandika barua nyingine. Mimi kule Kaliua niliandika tatu, zote zikalala! Tulipokwenda naye, tukasoma kilomita kwenye nguzo ya reli na kuiweka kwenye mchoro wa kivuko, mambo yakasogea. Onyesha na mifereji. Maji yako yakilowesha tuta la reli, hawapitishi. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndio wanaosimamia usalama wa reli, wape nakala mapema.